Mwezi Una Siku Ngapi?

Hema limeanikwa juu ya paa la gorofa letu hapa Umoja tangu Jumatatu, na kila ninapopanda kuligeuza nasikia lile neno tena. Ni neno moja tu, "haya", ambalo sisi wa Nairobi hulisema kutwa nzima bila kulipima, lakini mzee aliyeniambia pale Mida, pwani upande wa Malindi, Ijumaa iliyopita alilitamka polepole, akaliunganisha na kazi yangu, nami sijatulia tangu siku hiyo. Katika wiki hii dada yangu ameletewa posa, na mimi nimekabidhiwa barua ya unaibu wa mwalimu mkuu, mambo ambayo nyumba nzima imeyaombea kwa miaka, na bado ninapozima taa ninayemwona ni mzee yule na viatu vyake vya tairi vilivyojaa tope.

Mwaka jana nilimwahidi binti yangu kwamba siku moja tutalala mahali ambapo televisheni ya jirani haisikiki. Mapumziko ya katikati ya muhula yalipofika niliazima hema la kikosi cha skauti cha shuleni kwetu, tukapanda treni ya usiku, tukazimaliza zile kilomita 472 hadi Mombasa, kisha matatu ya Malindi ikatushusha Mida tukiwa na mizigo na usingizi.

Tulifika kambini yapata saa tano asubuhi, maji yakiwa yamepwa. Hakuna mto unaomwaga maji katika hori la Mida. Ni bahari yenyewe inayoingia na kutoka kupitia mlango mwembamba, kwa hiyo inapotoka huacha uwanda wa tope la kijivu mpaka mtu anasahau kwamba ile ni bahari. Mikoko ilikuwa imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha suruali kuvuka mtaro, na chini ya michu, ambayo nayo ni jamii ya mikoko, vimizizi vilichomoza topeni wima, maelfu kwa maelfu. Joto lilikuwa la kulowesha shati. Chini ya mkwaju palikuwa na kivuli, lakini palikuwa pia na mizizi migumu na mbu, kwa hiyo nilichagua mchanga ulio hatua kama kumi na tano chini yake, karibu na mikandaa ya mwisho, mahali palipokuwa laini na tambarare, na upepo wa kaskazi ulipita pale vizuri. Juu ya mchanga huo kulikuwa na mstari mrefu wa majani makavu, vijiti na zile mbegu za mkoko zilizo ndefu kama kalamu, uliopinda kufuata ukingo wote. Nilimwambia binti yangu aufagie kwa mguu ili tutandike turubai, naye aliufagia vizuri sana.

Nilikuwa nimepiga kigingi cha tatu mzee alipofika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama kidogo akikitazama kigingi wala si mimi. Kisha akauliza, "Mwanangu, mwezi una siku ngapi?"

Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, mzee. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Maji yako mbali sana."

"Haya, mwalimu," akasema, akaenda zake.

Hayo ndiyo yote. Nimeyarudia ndani ya matatu, nimeyarudia nikisahihisha madaftari, nimeyarudia jana nikiwa nimesimama mbele ya wazee waliokuja kumposa dada yangu, na kila mara nafika mahali palepale: hakuniuliza maji yako wapi. Hakuhitaji kuambiwa maji yako wapi, kwa sababu tope lote lilikuwa mbele ya macho yetu. Aliuliza juu ya mwezi wa angani, una siku ngapi tangu uandame, na kwa miaka 11 mimi ndiye ninayewachorea wanafunzi ubaoni jua, dunia na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, nikiwaeleza kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu mvuto wa jua na wa mwezi hushirikiana, bahari ikajaa na kupwa kupita kawaida, nayo ndiyo bamvua. Kwamba mwezi ukiwa nusu mivuto hiyo hukinzana na maji yakawa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Huwaongezea hata kwamba bamvua za karibu na tarehe 21 Machi ni miongoni mwa zilizo kubwa zaidi katika mwaka. Mzee aliniuliza somo langu lote kwa maneno manne, nami nikamjibu kwa cheti changu. Jibu la kweli lilikuwa fupi kuliko nililompa. Lilikuwa "sijui, baba".

Saa nane tulikwenda Gede kuyaona magofu, na binti yangu akakaa muda mrefu akichungulia visima. Tuliporudi ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, na mahali nilipopiga hema palikuwa na maji. Hayakuwa na fujo yoyote. Yalikuwa yametulia, yanafika kwenye kifundo cha mguu, na majani makavu yalielea juu yake yakisukumwa pole pole kurudi kwenye mstari ule ule ambao tulikuwa tumeufagia.

Hema lenyewe lilikuwa chini ya mkwaju, limesimamishwa upya, mlango wake umegeuzwa kuelekea upande wa nyumba. Godoro lilikuwa kavu. Sweta ya shule ya binti yangu ilikuwa imekunjwa na kuwekwa juu ya godoro, mikono ikiwa ndani, kama mama yangu anavyokunja. Kona moja tu ya turubai ndiyo iliyokuwa imelowa. Mzee hakuwepo, mjukuu wake, kijana wa shule ya msingi, ndiye aliyenieleza kwamba babu alisema wasisubiri hadi alasiri.

Jua lilipozama tuliuona mwezi juu ya minazi, mwembamba, wa siku ya pili. Angeweza kuuhesabu hata mtoto.

Asubuhi nilimpelekea mzee sukari na majani ya chai, nikamwambia, "Asante sana, baba, kwa lile hema." Naye akajibu, "Si kitu, mwalimu." Nikaondoka. Sikumwambia kwamba nilikosea kumjibu vile, na hilo ndilo linaloniwasha, kwa maana hata neno "mwalimu" la mara ya pili nimelichunguza kila upande nikitafuta kama lilikuwa na mwiba.

Leo jioni nilipanda kulikusanya hema. Nilikuwa nikizungusha kamba ili nizifunge pamoja, nikaona kwamba moja bado ina fundo lake, lile alilolifunga kwenye shina la mkwaju, ambalo Jumapili kwa haraka ya kuwahi treni nililichomoa zima zima kama kitanzi. Nilidhani nitahitaji kisu. Nilivuta ncha iliyokuwa ikining'inia, mvuto mmoja tu, na fundo zima likafunguka mkononi mwangu. Fundo hilo lilihimili upepo wa kaskazi kwa siku mbili. Nilikaa chini nikajaribu kulifunga tena, mara sita au saba, hadi nikalipata, nikalivuta, likafunguka, nikacheka peke yangu juu ya paa. Mtu aliyekukasirikia hakufungii kamba ya namna hiyo. Anakufungia wewe uliye mgeni, usiyejua mafundo, ili asubuhi usihangaike. Nimelisikia lile "haya" kwa sauti nyingine, sauti ya mtu anayefikiria ni saa ngapi atarudi kuhamisha mizigo ya watu.

Asubuhi ya leo niliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu mwezi una siku ngapi. Wako 46 na hakuna aliyejua, wala hakuna aliyesingizia kujua, jambo lililonifurahisha sana. Nimewaambia kila mmoja atoke nje jioni na kutazama. Nami nimetazama: ulikuwa nusu, juu kabisa ya utosi, kati ya tangi la maji na waya za nguo, siku ya saba. Huko Mida sasa ni maji mafu, na hema langu lingelala pale pale nilipolipiga bila kulowa.

Ila zipu ya mlango imeliwa na chumvi. Nimeisugua kwa sabuni, kisha kwa mshumaa, na bado inakwama karibu na kona ya chini, jino la nne au la tano. Skauti wanalihitaji Ijumaa kwa kambi yao ya Rowallan, wamepangiwa kulala wanne ndani yake, na mawingu ya masika yameanza kukusanyika upande wa Ngong.