Shilingi 192 ya Diageo haikuwa ya kila hisa

Oktoba 2022, Diageo, kampuni ya vinywaji ya Uingereza, ilitangaza kwamba inataka kununua hisa zaidi za East African Breweries (EABL), watengenezaji wa bia ya Tusker, kwa shilingi 192 za Kenya kila moja. Sokoni Nairobi hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya chini sana kuliko hapo. Mtu angedhani bei ingepaa ndani ya siku chache hadi 191 na kutulia. Haikuwa hivyo, na sababu ilikuwa imeandikwa ndani ya ofa yenyewe.

Diageo ilikuwa tayari na 50.03% ya EABL. Ilitaka kufika 65% na kuishia hapo. EABL ina hisa 790,774,356, kwa hiyo kilichotakiwa ni hisa 118,394,897 tu, wakati zile zilizokuwa mikononi mwa wengine zilikaribia milioni 395. Gawanya ya kwanza kwa ya pili utapata 30% hivi. Maana yake, kama kila mtu angepeleka hisa zake zote, mwenye 100 angelipwa 192 kwa hisa 30 na kurudishiwa 70. Na hizo 70 zina thamani gani? Ile ambayo soko litazipa baada ya mnunuzi mkubwa kuondoka.

Tuseme soko lingetulia kwenye 130. Hisa 30 kwa 192 ni shilingi 5,760. Hisa 70 kwa 130 ni 9,100. Jumla 14,860, yaani wastani wa 148.60. Aliyenunua kwa 170 akitegemea 192 angekuwa amepata hasara kabla hata dalali hajakata ada yake. Bila shaka si wote hupeleka hisa zao, na kila anayebaki nje humwongezea nafasi aliye ndani. Kwa hiyo ofa ya namna hii ni kubahatisha majirani zako watafanya nini. Hesabu ya chini kabisa, ile ya wote kupeleka, ndiyo ya kuanza nayo.

Ofa ilifungwa Machi 2023 na Diageo ikafika 65% yake. Kabla mwaka haujaisha hisa hiyo ilikuwa imeteremka chini ya 130. Sehemu ya anguko hilo ni ya ofa: aliyekuwa tayari kununua kwa bei ya juu amekwisha kushiba, na hisa zinazozunguka sokoni zimepungua kutoka karibu 50% hadi 35%. Hisa zikipungua sokoni, oda moja kubwa ya kuuza huisukuma bei mbali zaidi.

Sehemu nyingine ni ya gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, na hapo ndipo maamuzi ya bodi yanapoonekana bila pazia. Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2022, EABL ilipata faida ya shilingi bilioni 15.6 na kutoa gawio la shilingi 11 kwa hisa. Mwaka uliofuata, riba zikipanda na shilingi ikidhoofika, faida ikawa bilioni 12.3 na gawio 5.50. Faida ilishuka kwa 21%, gawio likakatwa nusu. Bia iliyouzwa haikupungua nusu. Bodi ndiyo iliyoamua fedha zibaki ndani. Kwa hisa milioni 790, kila shilingi moja ya gawio isiyolipwa huiachia kampuni karibu milioni 790, na kwa kampuni yenye madeni hizo si fedha za kuchezea.

Angalia pia ile 21%. Kenya, kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa hulazimika kutoa onyo la faida, yaani tangazo la kuwatahadharisha wawekezaji, ikiona faida itashuka kwa 25% au zaidi. Anayesubiri onyo ili auze anaweza kupitwa kabisa na uamuzi kama huu.

Mwekezaji anayetaka gawio limpe 8% ya fedha zake kwa mwaka angelipa 137.50 kwa gawio la 11, na 68.75 tu kwa gawio la 5.50. Bei haikuanguka kwa kiwango hicho kwa sababu soko lilihesabu kwamba gawio litapanda tena, na lilipanda: 7 mwaka 2024, 8 mwaka 2025. Kwa hiyo gawio likikatwa, kabla ya kuuza fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Tafuta mambo mawili: fedha zilizotoka kwenye biashara yenyewe, na riba iliyolipwa. Kama fedha za biashara ziko imara na tatizo ni riba, mkato huo una tiba. Kama fedha za biashara ndizo zinazokauka, ni ugonjwa mwingine.

Huo mwingine uliipata Kraft Heinz, kampuni ya vyakula ya Marekani. Februari 2019, kwa siku moja, ilitangaza kufuta thamani ya dola bilioni 15.4 kwenye vitabu vyake, hasa majina ya Kraft na Oscar Mayer, ikapunguza gawio la robo mwaka kutoka senti 62.5 hadi 40, na kukiri kwamba wasimamizi wa soko wanaichunguza. Kesho yake hisa ilianguka 27%. Kampuni ilikuwa imekata gharama kwa miaka kadhaa huku walaji wakihamia bidhaa nyingine. Nairobi anguko kama hilo lingechukua siku kadhaa, kwa kuwa bei hairuhusiwi kusogea zaidi ya 10% kwa siku. Usidhani siku ya kwanza imemaliza habari.

Sasa Diageo yenyewe inaondoka. Desemba 2025 ilitangaza kuiuzia Asahi, kampuni ya bia ya Japani, ile 65%, kwa mpango wa dola bilioni 2.3. Usigawanye dola hizo kwa hisa milioni 514 na kudhani umepata bei ya hisa yako: ndani ya mpango huo kuna pia hisa za Diageo katika biashara ya pombe kali ya Kenya. Cha kusoma zaidi ni mikataba ya leseni, yaani ruhusa ya kutumia majina ya vinywaji vya mwingine kwa ada. Tusker ni mali ya EABL, lakini Guinness, Smirnoff na Johnnie Walker ni za Diageo, na muda na ada za leseni hizo zitaigusa faida kila mwaka.

Na kwa mwanahisa mdogo kuna swali moja la kisheria. Kanuni za Kenya humtaka anayeshika udhibiti wa kampuni iliyoorodheshwa atoe ofa kwa wanahisa wote, isipokuwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikimsamehe. Akisamehewa, bei nono inaishia kwa muuzaji mkubwa, nawe unabaki na hisa zako na bosi mpya.