Sikio linasingiziwa, taya limenyamaza

Julai, Mbeya. Ukipanda daladala ya Uyole saa kumi na mbili asubuhi mwezi huu utaona abiria wamejikunyata, shingo imezama, mabega yamepanda na meno yamebanana. Hakuna anayejua kwamba ameyabana. Jioni mmoja wao atalalamika kwamba sikio linauma na limeziba kama la mtu anayeteremka mlima wa Kitonga, na kabla ya kulala atakuwa ameshadondoshewa mafuta ya vuguvugu yenye kitunguu swaumu. Kesho yake ni matone ya duka la dawa, keshokutwa amoksilini. Sikio lenyewe ni zima.

Weka kidole cha shahada mbele ya sikio, pale kwenye kijinyama kinachochomoza, kisha funua mdomo polepole. Kile kinachotembea chini ya kidole ni kichwa cha mfupa wa taya. Mdomo ukianza kufunguka kinazunguka mahali pake. Ukiendelea kuufungua kinateleza kwenda mbele, kikiwa na kisahani cha gegedu juu yake. Kisahani kikiwa kimechomoka mbele kidogo, kichwa cha taya hukirukia, ndipo unaposikia ule mlio wa "tik". Mlio peke yake, bila maumivu na bila mdomo kukwama, hauhitaji tiba. Watu wengi wanao na wanazeeka nao salama.

Sikio linaingiaje hapa? Kiungo hicho cha taya kimetenganishwa na tundu la sikio kwa ukuta mwembamba tu, na mshipa wa fahamu unaokihudumia hutoa matawi pia kwa ngozi ya tundu hilo na sehemu ya kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani ya sikio. Ubongo ukiletewa maumivu kwa njia hiyo, ni rahisi kukosea mlango. Msuli mnene wa shavuni nao, ukichoka, hupeleka maumivu yake sikioni. Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika juu ya wagonjwa wenye maumivu ya sikio, mvumo na hali ya kuziba, akaona chanzo ni taya. Sababu aliyoitoa, kwamba kukosa magego kunalisukuma taya nyuma, imeshaachwa. Dalili ni zilezile.

Jinsi ya kujipima. Uma meno: msuli unaovimba shavuni ndio huo. Legeza, kisha ukandamize kwa ncha za vidole viwili kwa nguvu ya kama kilo moja, ukihesabu hadi tano. Kilo moja ni ngapi? Bonyeza mizani ya jikoni hadi isome moja, mkono utakariri. Fanya hivyo kwenye panja pia. Mbele ya sikio, juu ya kiungo chenyewe, nusu kilo inatosha. Swali la maana ni moja: je, haya ndiyo maumivu yaleyale ya kila siku? Kuuma tu hakutoshi, maana ukibonyezwa vya kutosha popote utauma. Halafu simamisha vidole vitatu vyako, cha shahada, cha kati na cha pete, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia, uko sawa. Kwa rula ni milimita 40 au zaidi. Visipoingia, na kidevu kinakwenda upande mmoja unapofungua, huenda kisahani kimekwama upande huohuo. Usilazimishe.

Hata hivyo, kabla ya kulilaumu taya, mtu mwenye kile kitochi cha masikio alichungulie sikio. Nta iliyoganda huziba vilevile. Kama kiwambo kimetoboka, mafuta na baadhi ya matone huweza kuharibu usikivu kabisa. Mvumo nao una vyanzo vingine: kwinini, dawa ya malaria, huuleta, na sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, pia.

Sasa tiba, ambayo sehemu kubwa iko nyumbani. Siku nzima meno ya juu na ya chini yasigusane isipokuwa wakati wa kula: midomo imefungwa, meno yameachana, ncha ya ulimi imekaa kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele, kama unapotamka "n". Ni rahisi kusema, ni vigumu kukumbuka, kwa hiyo bandika kipande cha karatasi kwenye simu, na kila ukikiona legeza. Nadhani hili peke yake lina thamani kuliko nusu ya dawa zinazonunuliwa.

Kwa wiki mbili kula vilaini. Huku kwetu hakuna kisingizio: ndizi za Rungwe zilizoiva vizuri jikoni, parachichi, viazi mviringo vya kuponda, maharage yaliyochemka hadi yakapasuka. Ugali sawa, tonge liwe dogo. Mahindi ya kuchoma, miwa, karanga kavu na bazoka viwekwe kando, na vizibo vya soda vifunguliwe kwa kifungulio. Wiki mbili zikiisha rudi taratibu kwenye chakula cha kawaida, kwa sababu msuli usiofanya kazi hudhoofika.

Kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Kwa baridi hii kitambaa hupoa upesi, na hapo ndipo wengi hukosea: wanakaa na kitambaa kilichopoa wakidhani wanakanda. Kichovye tena kila baada ya dakika tatu nne. Kisha zoezi: ulimi ukiwa umegusa kaakaa, fungua mdomo mbele ya kioo kidevu kikishuka wima, mara sita, na urudie mara sita kwa siku. Ukipiga miayo, tegemeza kidevu kwa ngumi.

Mtu mzima anaweza kumeza ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, zisizidi siku 10. Mwenye vidonda vya tumbo, tatizo la figo au ujauzito asiiguse, na isichanganywe na diklofenaki.

Usaha sikioni, homa, uvimbe wa shavu au shingo, usikivu uliopotea ghafla, mdomo uliobaki wazi usifungike: hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Taya kukakamaa baada ya kidonda kunaweza kuwa pepopunda. Na maumivu ya taya yanayoambatana na kifua kubana hayangoji asubuhi.

Daktari wa meno asiharakishwe kung'oa. Gego zima likitolewa kwa maumivu ya msuli, maumivu hubaki na pengo linaongezeka. Vilevile kataa kusagwa meno "yakae sawa", kwani hayarudi. Anayesaga meno usingizini anaweza kutengenezewa kinga ya plastiki ngumu kwa kipimo cha mdomo wake, inayofunika meno yote ya taya moja. Ile ya meno ya mbele tu huweza kuhamisha magego. Ikigusa upande mmoja zaidi, irudishwe ikapunguzwe, usiivumilie. Huvaliwa usiku. Mchana ikae kwenye kikombe cha maji baridi, na wa nyumbani waambiwe wasiisuuze kwa maji ya chai, maana itapinda.