Champali ilinivuka nisijue

Champali yangu ya kushoto ilinivuka mchangani pale Silversands, nami nikaendelea kutembea. Mdogo wangu ndiye aliyenikimbilia nayo: "Kaka, mbona waenda mguu mtupu?" Ilikuwa saa saba mchana, mchanga unaunguza, na unyayo wangu hauhisi kitu.

Ganzi ilikuwa na wiki kadhaa, kama nimevaa soksi nzito. Nikioga, nikifumba macho kwa povu la sabuni, nayumba mpaka nishike ukuta. Mama alihofia sukari. Ikapimwa, haikuwepo. Vitamini B12 nayo ikaonekana ya kawaida, nikarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Nililoficha ni hili. Nilikuwa jikoni kwenye mkahawa mmoja hapa Malindi, na usiku tukishafunga tulikuwa tukijaza mapulizo kwa vile vichupa vya gesi ya kuumulia krimu, tukivuta. Ni naitrasi oksaidi. Nilianza na kimoja, nikafika boksi zima kwa usiku mmoja. Kulisema mbele ya mama niliona haya.

Mara ya pili niliingia kwa daktari peke yangu, nikayasema yote. Akaweka kalamu chini. Gesi hii, alinieleza, huiharibu B12 iliyomo mwilini isifanye kazi, hivyo kipimo chaweza kuihesabu ilhali mwili hauna cha kutumia. Ala ya mafuta inayofunika neva za uti wa mgongo ndipo huchakaa. Akaagiza kipimo cha homosisteini, kemikali ya damuni inayopanda B12 isipofanya kazi; sampuli ikapelekwa Mombasa, ikarudi iko juu sana. Lakini hakungoja majibu: sindano ya kwanza ya B12, miligramu 1, nilidungwa siku ileile, kisha kila baada ya siku moja. Alinikanya kwamba nikiendelea kuvuta, sindano zitakuwa maji kwenye pakacha. Kazi ile niliiacha.

Kila nikirudi huniwekea kichuma kinachotetema kwenye kidole gumba cha mguu. "Wasikia?" Nyumbani kila usiku nasimama miguu pamoja, macho nimefumba, mama nyuma yangu mikono tayari, anahesabu. Usiku wa kwanza hakufika nne. Sasa ni mwezi wa tano, tunafika thelathini. Mtetemo nausikia kulia, kushoto bado.

Mwenzangu mmoja wa jikoni ameniambia vidole vyake vinachomachoma. Kesho asubuhi nampeleka, na nimemwomba ataje gesi kabla hajaulizwa.