Nilivyochagua SSD ya Bei Nafuu kwa Kompyuta Yangu ya Gemu

Diski ngumu ya terabaiti 1 iliihudumia kompyuta yangu ya gemu vizuri hadi Septemba 2023, gemu ya Starfield ilipotoka ikiwa imeiweka SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sehemu zinazozunguka na yenye kasi kuliko diski ngumu, katika mahitaji yake ya chini kabisa, na mwezi huohuo toleo la 2.0 la gemu ya Cyberpunk 2077 likafuata mkondo huo. Kwa kuwa fedha zangu zilikuwa na mpaka, niliamua kuielewa kwanza mashine yangu, ndipo niende Kariakoo kuuliza bei.

Kitabu cha maelezo cha ubao mama wangu, ambao ni wa chipseti ya B450, kilionyesha kwamba sloti yake ya M.2 (nafasi ya kuchomeka SSD nyembamba moja kwa moja kwenye ubao) inapokea SSD za NVMe, aina yenye kasi zaidi, kwa kiwango cha PCIe 3.0 (njia ya kupitishia data), ambacho kasi yake ya kusoma huishia takriban megabaiti 3,500 kwa sekunde. Jambo hilo peke yake liliniokolea fedha nyingi, kwani SSD za PCIe 4.0 zinazotangazwa kwa megabaiti 7,000 zingefanya kazi kwangu bila tatizo, lakini zingelazimika kwenda kwa mwendo wa sloti. Niliziangalia pia SSD za SATA, aina ya zamani inayounganishwa kwa waya, ambazo hufikia takriban megabaiti 550. Katika gemu nyingi tofauti ya kusubiri kati ya SATA na NVMe ni ya sekunde chache tu, kwa sababu hatua kubwa ni ile ya kuachana na diski ngumu. Hata hivyo bei nilizotajiwa zilikaribiana mno, na NVMe haihitaji waya wowote, hivyo sikuona sababu ya kuchukua SATA.

Nilichokifikiria zaidi ni aina ya seli, yaani vijumba vidogo vya kuhifadhi data ndani ya SSD. QLC huhifadhi biti 4 katika kila seli na TLC huhifadhi 3, na ndiyo maana QLC huuzwa kwa bei ya chini. Lakini eneo lake la akiba la kuandikia haraka likijaa, kasi ya kuandika huweza kushuka hata chini ya ile ya diski ngumu. Anayeweka gemu zake mara moja na kuzicheza mwaka mzima anaweza kuridhika na QLC, ila mimi hufuta na kuweka gemu kubwa kila mara. Crucial P3 ya terabaiti 1, ambayo ni QLC, imekadiriwa kuhimili kuandikwa terabaiti 220, ilhali WD Blue SN570 ya ukubwa huohuo, ambayo ni TLC, imekadiriwa terabaiti 600, na zote mbili zina waranti ya miaka 5. Terabaiti 600 ni zaidi ya gigabaiti 300 kila siku kwa miaka yote hiyo, kiasi ambacho mchezaji wa kawaida hawezi kukifikia. SN570 haina DRAM (kumbukumbu ya muda yenye kasi) yake yenyewe, bali huazima sehemu ndogo ya RAM ya kompyuta, na kwa gemu hilo halinisumbui.

Ya gigabaiti 500 ingepunguza gharama, lakini Starfield pekee inadai 125, na SSD inayokaribia kujaa hupoteza kasi. Nikachukua terabaiti 1.

Dukani nilizipita SSD zisizo na jina zilizodaiwa kuwa na terabaiti 2 kwa bei isiyoaminika, kwa kuwa nyingi za aina hiyo huonyesha ukubwa ambao hazina. Nilikubaliana na muuzaji, na ikaandikwa kwenye risiti, kwamba nitairudisha endapo programu ya CrystalDiskInfo itaonyesha saa nyingi za matumizi au programu ya H2testw, ambayo huijaza diski nzima na kuisoma upya, itagundua kasoro. Vipimo vyote viwili vilitoka safi.

Gemu sikuzipakua upya, maana bando lisingetosha: Steam, programu ninayotumia kupakua na kufungulia gemu, ina sehemu ya kuhamisha gemu kutoka diski moja kwenda nyingine, nami nikaitumia. Idadi ya fremu kwa sekunde haikuongezeka, kwa kuwa hiyo ni kazi ya kadi ya michoro, lakini kule kukwamakwama nilipoendesha gari kwa kasi mjini katika Cyberpunk kumekoma. Diski ngumu nimeiachia picha, video na gemu za zamani.