Nilivyoweka vipimo vya mfumo wa dagaa kwenye tresi moja, ndo tukaona sekunde zinapotelea wapi

Habari zenu ndugu zangu. Mi nipo Kigoma mjini, Mwanga, na kazi yangu ni kutunza mfumo wanaoutumia wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi kuandikia mizigo. Chombo kikifika alfajiri dagaa wanapimwa, karani anaingiza kilo kwenye simu, jumla ya siku inapanda na mwenye chombo anatumiwa meseji ya kilo zake. Basi. Ni mfumo mdogo, ila pale watu wamesimama na ndoo, jua linapanda, dagaa mbichi hawasubiri mtu, kwa hiyo karani akikaa sekunde nane anaangalia kiduara kinazunguka foleni nzima inamgeukia yeye, na yeye hana kosa lolote.

Shida yenyewe ilikua inakuja na giza. Watu wa ziwani mnajua, mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika maana taa haivuti dagaa mbele ya mbalamwezi, alaf giza likirudi vyombo vinaingia ziwani kwa pamoja na asubuhi vinarudi kwa pamoja. Sasa mimi nilikua napima mfumo siku za mbalamwezi kwasababu ndo nakua na nafasi, naona kila kitu kinakimbia, nawaambia watu tayari nimerekebisha, giza linarudi na malalamiko yaleyale yanarudi nayo. Hilo liliniuma sana maana wale mama wa dagaa niliwapa neno langu.

Mfumo tunautunza wawili, mimi upande wa programu ambayo imeandikwa kwa Python, na kuna dada yuko Tabora anaangalia databesi, yani ghala la kumbukumbu za mfumo, ambayo ni PostgreSQL. Giza moja tukakubaliana kila mtu apime upande wake asubuhi ileile. Akanitumia logi yake, yani daftari ambamo databesi inaandika kweri, maombi inayopewa: "Kaka, kweri yako ya kuongeza jumla ya siku inakaa sekunde sita, angalia unaiandikaje, au tuweke indeksi ya kuharakisha utafutaji." Mi nina matokeo ya profaila yangu, kipimo cha programu inatumia muda wake wapi, yanasema programu haifanyi kazi yoyote, muda wote imekaa inasubiri databesi ijibu. Nikamjibu dada yangu, mi naona shida iko kwako. Tukavutana kama wiki nzima, na kitu ninachotaka mkielewe hapa ni kwamba wote tulikua tunasema kweli, ila vipimo vyake na vyangu havikua vinaongea lugha moja, huwezi kuviweka mezani pamoja ukauliza saa kumi na mbili na dakika nne nani alikua anamsubiri nani.

Ndo nikaamua tuvigeuze vyote viwe fomati moja na vikae kwenye tresi moja, yani picha ya mistari inayoonyesha kila tukio lilianza lini na liliisha lini. Nikachagua ile fomati ya JSON (maandishi yaliyopangwa) ya matukio iliyotokana na brauza ya Chrome, sababu kubwa ni kwamba ni rahisi kuiandika hata kwa skripti ya kurasa mbili na inafunguka kwenye Perfetto, programu ya kuchora tresi, ambayo unaifungua kwenye brauza na faili linasomwa humohumo kwenye mashine yako bila kupandishwa kwenye seva ya mtu, kwa hiyo hailiwi bando na kilo za wateja haziendi popote. Tukio moja linakaa hivi:

{"name":"kuongeza jumla","ph":"X","ts":1200000,"dur":6012345,"pid":2,"tid":7}

ph ni aina ya tukio, X maana yake ni tukio zima lenye mwanzo na urefu, ts ni lilianza lini, dur lilichukua muda gani, pid na tid ndo zinaamua mstari gani kwenye picha. Ukitaka mstari uwe na jina la kueleweka badala ya namba unaongeza tukio la aina M lenye process_name. Mi nikaita mistari yangu "mizani", "meseji" na "databesi", na niwaambie ukweli hilo peke yake lilisaidia sana, maana hata mtu asiyejua kuandika programu anaangalia picha anaelewa.

Kazi ya kwanza nilidhani ni kugeuza mafaili yangu ya cProfile, ile profaila ya Python niliyotumia. Siku mbili nimezunguka nayo mpaka nikakubali kwamba haiwezekani, na naomba mwingine asipoteze muda hapo. cProfile inakupa jumla: funksheni hii, yani kipande hiki cha programu, imeitwa mara 300, kwa pamoja imekula sekunde kadhaa. Haikumbuki ile mara ya 17 ilianza saa ngapi. Muda wa kila tukio ulishatupwa tangu wakati wa kupima, na ukijumlisha kitu huwezi kukijumulua tena. Kuna njia ya kuyapanga yale majumla moja baada ya jingine yakafanana na tresi, lakini hiyo ni picha ya uongo, mtu ataiangalia ataamini meseji ilitumwa baada ya kupima wakati wewe ndo umeiweka hapo. Nikaiacha. Badala yake nikaandika kipande kidogo kinachozunguka zile funksheni saba muhimu, kinaandika muda wa kuingia na wa kutoka kwenye faili, basi.

Upande wa dada ulikua mzuri zaidi maana logi ya PostgreSQL ukiwasha log_min_duration_statement inaandika kila kweri iliyozidi kiwango ulichoweka pamoja na muda iliochukua. Ila kuna mtego. Ule mstari unaandikwa kweri ikishamaliza, kwa hiyo saa unayoiona pale ni ya mwisho, sio ya mwanzo. Mimi nikaichukua kama mwanzo. Matokeo yake kweri zote zikasogea mbele kwa urefu wake wenyewe, na databesi ikaonekana inafanya kazi baada ya programu kuwa imeshapata jibu, kitu ambacho hakiwezekani. Lazima utoe dur kwenye saa ya logi ndo upate ts. Alaf logi inaandika kwa milisekunde wakati fomati inataka maikrosekunde, nikasahau kuzidisha kwa 1,000, na ile kweri ya sekunde sita ikawa kijinukta cha milisekunde sita ambacho ukikiangalia unasema databesi ni safi kabisa. Hapo kidogo nimpigie dada simu kumwambia nilikua nimemuonea! Bahati nililinganisha kwanza na logi yenyewe.

Saa ndo zilinitesa kuliko vyote. Kwanza picha ikatoka na databesi na programu ziko mbali kwa sekunde 10,800 kamili, na nikiona namba kamili kama hiyo najua sio bahati mbaya, ni masaa matatu, yani logi ilikua inaandikwa kwa saa za hapa kwetu na skripti yangu inaisoma kama saa za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa masaa matatu. Badala ya kuhangaika kujumlisha masaa, dada akabadilisha log_line_prefix, kile kianzio cha kila mstari wa logi, ikawa na %n, ambayo inaandika sekunde tangu mwaka 1970 pamoja na milisekunde zake, haina habari na ukanda wa saa. Na mimi upande wa Python nikatumia time.time_ns() ambayo inaanzia hapohapo. Seva ni moja kwa hiyo saa ni moja. Ila nanosekunde tangu 1970 ni namba ya tarakimu 19, na brauza inashika namba nzima kwa uhakika mpaka kama 9,007,199,254,740,991 tu, zaidi ya hapo inakadiria. Dawa yake ni kugawa kwanza kwa 1,000 na kutoa muda wa tukio la kwanza kabla hujaandika faili, tresi ianzie sifuri.

Nilijaribu pia kuingiza vipimo vya perf, profaila ya Linux yenyewe, nione prosesa inafanya nini. Hiyo nayo ina saa yake inayohesabu tangu mashine iwashwe, ukirekodi kwa -k CLOCK_MONOTONIC unaweza kusoma saa zote mbili kwa wakati mmoja kwenye Python, ukapata tofauti, ukaijumlisha. Ilikubali. Lakini perf kwa -F 99 inachungulia mara 99 kwa sekunde, inakuambia wakati nachungulia nilikuta iko hapa, haikuambii ilikaa hapo muda gani, kwa hiyo nikaziweka kama vinukta vya aina i na sio mistari mirefu. Kwa shida yetu haikutusaidia maana prosesa ilikua imelala tu, ila kujua kwamba imelala nako ni kujua.

Kitu kingine, kwenye mstari mmoja matukio ya X lazima yakae moja ndani ya jingine kama masufuria. Programu yetu inahudumia makarani kadhaa kwenye thredi moja (njia moja ya kazi ndani ya programu), hivo matukio yakawa yanapandana nusu nusu na Perfetto ikayachora vibaya. Nikampa kila ombi la karani tid yake ya bandia. Na ili kujua ombi gani ni kweri gani, naandika kwenye args, sehemu ya maelezo ya ziada ya tukio, namba ya prosesi ya PostgreSQL inayohudumia muunganisho huo, unaipata kwa pg_backend_pid(), nayo logi ya dada inayo kupitia %p. Hapo ndo pande mbili zikashikana mikono.

Giza lililofuata tukarekodi dakika kumi za asubuhi, nikageuza, nikamtumia dada faili, tukafungua wote huku tuko kwenye simu. Tukakaa kimya. Kweri za kuongeza jumla zilikua zimejipanga kama ngazi, ya kwanza inapita papo hapo, ya pili inakaa sekunde mbili, ya tatu nne, ya nne sita. Na kila ngazi ilikua inaishia palepale ambapo kwenye mstari wa "meseji" tukio la karani aliyetangulia linaishia, hata nywele haipiti katikati. Dada ndo alisema kwanza: "Kaka, wewe unatuma meseji ukiwa bado umeshika muamala."

Na ndivyo ilivyokua. Programu inafungua muamala, yani kundi la mabadiliko yanayokubaliwa kwa pamoja, inaongeza jumla ya siku, hapo mstari ule wa jumla umefungwa kufuli, mwingine hawezi kuubadilisha mpaka muamala uishe, alaf inatuma meseji kwa mwenye chombo na kusubiri mtandao ujibu kama sekunde mbili, ndo inafunga muamala. Jumla ya siku ni mstari mmoja na kila karani anautaka. Siku za mbalamwezi karani ni mmoja, hakuna wa kumsubiri mwenzie. Wakiwa wanne, wa mwisho anasubiri sita za wenzie na mbili zake, nane. Indeksi isingesaidia kitu, kweri yenyewe isiposubiri inaisha chini ya milisekunde moja. Kuna kipengele kinaitwa log_lock_waits ambacho kingeweza kutunong'oneza kwamba kuna anayesubiri kufuli, kwetu kilikua kimezimwa, sasa hivi kimewashwa.

Kurekebisha ilikua kazi ya jioni moja. Meseji sasa inaandikwa kama mstari kwenye jedwali la foleni ndani ya muamala uleule, muamala unafungwa, na prosesi nyingine pembeni inachukua foleni na kutuma taratibu. Mtandao ukisumbua, meseji ya mwenye chombo inachelewa kidogo lakini mizani haisimami.

Tukarekodi tena giza la mwezi uliofuata na skripti ileile. Ngazi haipo. Kwenye mstari wa databesi ni vinukta vidogo vidogo mpaka ukuze picha ndo uvione, na meseji ziko kwenye mstari wake peke yake zinaenda na sekunde zake mbilimbili bila kumgusa mtu. Nilishuka Kibirizi asubuhi ile nikasimama karibu na mizani bila kusema chochote, karani anabonyeza, kilo zinaingia, anaita chombo kinachofuata. Dada wa Tabora ameshaniomba hiyo skripti aitumie kwenye mfumo mwingine anaoutunza kule, nimempa, ila nimemwambia aangalie saa kwanza.