Jeni zinavyosomwa katika ubongo wa mwenye usonji

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza kwa upole tulipoketi barazani hapa Langoni, Lamu: "Mwanangu, huyu mpwao amerithi damu ya nani?" Mpwa wangu ana usonji. Wakati ule alikuwa amelala chali jamvini, akikipitisha kidole kimoja baada ya kingine katika mwale wa jua uliopenya makuti, na hata punda alipolia kichochoroni hakugeuka. Nilijibu kwamba urithi una sehemu kubwa, lakini jibu hilo halikuniridhisha mwenyewe, kwa kuwa kuwa na jeni ni jambo moja na jeni hiyo kusomwa ni jambo jingine.

Karibu kila seli ya mwili ina jeni zile zile, kama msahafu ulivyo mmoja. Ila katika khitma juzuu 30 hugawanywa, kila mtu akasoma yake. Ndivyo zilivyo hata sehemu mbili za ubongo mmoja: hutofautiana kwa zinachokisoma na kwa wingi wa nakala za RNA, yaani molekuli zinazonakili ujumbe wa jeni, zinazozitoa.

Mwaka 2011, watafiti Irina Voineagu, Daniel Geschwind na wenzao walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa bongo za marehemu. Kwa wasio na usonji, jeni zaidi ya 500 zilisomwa kwa viwango tofauti baina ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, la mbele, nyuma ya paji la uso, na lile la ubavuni, usawa wa sikio. Kwa wenye usonji zilikuwa 8 tu. Yaani wasomaji wawili ambao kwa kawaida kila mmoja hushika juzuu yake walikaribia kusoma kitu kimoja, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi.

Mwaka 2022 kundi la Geschwind lilipima sehemu 11 za gamba hilo, na tofauti kubwa kabisa baina ya wenye usonji na wasio nao ikaonekana nyuma, panapopokelewa habari za macho. Nikaukumbuka ule mwale wa jua, kisha nikajizuia: wastani wa watu wengi haumsemi mtoto mmoja.

Jirani nilimrudia na jambo moja. Katika uchunguzi ule wa 2011, jeni za sinapsi, yaani viungio vya seli za neva, zilisomwa kwa uchache kwa wenye usonji, na zile za kinga ya mwili kwa wingi. Kundi la kwanza lilihusiana na tofauti za kurithi zijulikanazo katika usonji. La pili halikuonyesha uhusiano huo, kwa hiyo huenda kupanda kwake ni tokeo tu. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni nani basi agawaye juzuu.