Yenu inaisha mwezi gani?

"Kocha, yenu inaisha mwezi gani?"

Ni kijana wa miaka 14, Alhamisi jioni, tukikunja jezi. Aliuliza bila kinyongo, kama anayetaka kujua matatu ya mwisho hutoka saa ngapi. Alimaanisha mradi wetu wa mpira wa vijana, unaoendeshwa kwa pesa za mfadhili. Nikamwambia mwezi wa sita. Akasema "sawa," akaiweka namba 9 juu ya namba 8, akaenda zake. Wiki hii dada yangu amejifungua salama (msichana!) na ofisi imehama, lakini mimi nimebaki palepale kwenye zile jezi.

Kwamba mradi utaisha, hilo halikuwa na swali kwake. Ameshaona wa kompyuta ukija na kuondoka, wa sarakasi, wa ndondi. Alitaka mwezi tu, apate kujipanga. Tangu siku ile nalisikia lile "sawa" lake nikiwa ndani ya basi, nikiwa napika.

Na ana haki ya kuhesabu miezi. Mwaka 2002, watafiti wa Marekani Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha uchambuzi wao kuhusu vijana wa Big Brothers Big Sisters, mpango unaomkutanisha kijana na mtu mzima mmoja wa kuwa karibu naye. Walionufaika zaidi ni wale waliodumu na mtu wao mwaka mzima au zaidi. Wale ambao uhusiano ulikatika kabla ya miezi 3 walirudi nyuma: walijithamini kidogo kuliko mwanzo, na imani yao kwamba masomo wanayaweza ikapungua. Mtoto aliyekwisha kuachwa na baba, kocha naye akimwacha, kidonda kinatoneshwa. Mfadhili anatoa pesa za miezi 9, miezi 2 inaishia kwenye kuandikisha watoto na kutafuta uwanja, mmoja unaishia kwenye ripoti. Kinachobaki ni miezi 6 ya kumjua mtu.

Hadi Ijumaa usiku nilikuwa na hasira tupu. Jumamosi nikachukua daftari, nikaanza kupanga upya miezi iliyobaki, na moyo ukaanza kutulia, kwa sababu njia ipo na Mathare wanaifuata tangu zamani. MYSA (chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi) ilianza 1987, na ligi zake zinaendeshwa na vijana wa mitaa yenyewe. Timu ikisafisha mtaa inapata pointi zinazoingia kwenye msimamo wa ligi. Kijana anayejitolea kuwafundisha wadogo naye anakusanya pointi, na hizo zinaweza kumpatia msaada wa karo. Anayefundisha anaishi hapo hapo. Pesa za nje zikipungua, bado atakutana na watoto wake dukani kesho yake.

Kwa hiyo ratiba yangu sasa inaanzia siku ya kuondoka na kurudi nyuma. Kila kundi la watoto 12 linapata wasaidizi wawili wa miaka 17 hadi 20, mmoja awe msichana. Mwezi wa kwanza wanaangalia na kuandika mahudhurio. Wa pili wanaongoza mazoezi ya kupasha mwili na mazungumzo ya mwisho. Wa tatu wanaendesha kikao chote, mimi niko benchi, mdomo nimefunga. Kosa linalojirudia katika miradi ni kumchagua mwenye sauti kubwa. Mtafute yule ambaye wadogo humfuata mpira ukishaisha.

Posho ya fedha taslimu naipinga kabisa kwa hawa wasaidizi. Siku inapokatika, wanakatika nayo. Afadhali karo, au nauli ya kufuatilia kitambulisho, maana bila kitambulisho kijana wa miaka 18 hapati kazi ya maana na polisi wakimsimamisha hana cha kuonyesha.

Halafu vifaa. Mipira ikilala kwa mratibu, mratibu akihama mipira inahama. Iwekwe kwa mama mwenye kibanda karibu na uwanja, funguo mbili, daftari la kutia sahihi. Nunua sindano za kujazia upepo za akiba, kwa kuwa huvunjika mapema na mpira mzuri unakaa bure kwa kukosa kitu cha shilingi chache. Kikao kianze saa kumi na kiishe saa kumi na moja na nusu. Kikisogea hadi saa kumi na mbili wasichana wanaanza kukosa mmoja mmoja, nanyi mtadhani hawapendi mpira.

Alhamisi ijayo nitamwomba yule kijana ashike daftari la mahudhurio. Bado ni mdogo kuwa msaidizi, lakini la kuandika majina analiweza.